Podikasti yangu imeshuka zaidi ya nusu kwenye takwimu, lakini mwaloni kila mtu anaijua. Nani anadanganya?

#1 MtuWaMwalo

Wakuu, salama?

Nina podikasti ya mambo ya ziwa: bei za sangara na dagaa, simulizi za wavuvi wakongwe, ugomvi wa nyavu, injini na mafuta. Naitolea Mwanza, mara moja kwa wiki, kipindi kama saa moja hivi. Sina redio nyuma yangu wala mdhamini. Ni mimi, maiki ya kubana kwenye shati na laptop iliyochoka.

Miaka yote nilikuwa kwenye huduma ya bure. Mwaka jana nikahamia kampuni ya kulipia kila mwezi, nia yangu nipate takwimu za kueleweka. Nimezipata: zimeshuka zaidi ya nusu tangu wiki ya kwanza na hazijarudi.

Kinachonivuruga ni hiki. Nikikanyaga mwalo wa Kirumba, pale samaki wanaposhushwa, watu wananisimamisha. Kuna mama wa dagaa alinikata ngebe mbele za watu kwa bei niliyoitaja kwenye kipindi cha wiki hiyohiyo, akanieleza dakika gani nimekosea. Lakini ukifungua dashibodi, Mwanza nzima wasikilizaji ni wa kuhesabu kwa vidole. Zamani mji ulioongoza ulikuwa Ashburn, Virginia, huko Marekani. Nikawa najisifu kwa wife kwamba diaspora wananikubali. Sasa hivi Ashburn haimo hata kwenye orodha.

Nani muongo hapa? Takwimu za zamani, za sasa, au watu wa mwaloni?

#2 Ngosha Mtata

Siti ya mbele. Waje wajuvi.

#3 Fundi Mitambo

Pole mkuu, ila Ashburn hujawahi kuwa na shabiki hata mmoja. Eneo lile limejaa vituo vya data, zikiwemo seva za Amazon za kanda ya kaskazini mwa Virginia. Ukitoa kipindi, roboti za saraka za podikasti zinakuja kuchota faili: nyingine kukagua kama lipo, nyingine kutengeneza maandishi, nyingine kunakili tu. Huduma isiyochuja inaandika kila hodi kuwa ni msikilizaji. Ndiyo hao "diaspora" uliokuwa unamringia mama watoto.

Kampuni nyingi za kulipia zinafuata mwongozo wa IAB Tech Lab, chombo cha viwango vya matangazo ya mtandaoni, toleo la pili lake lilitoka Desemba 2017. Ili upakuaji uhesabiwe, lazima kishuke kiasi cha faili kinachotosha dakika moja ya sauti. Anwani moja ya IP (namba ya muunganisho wa intaneti) yenye programu ileile, ikirudi ndani ya saa 24, inahesabiwa mara moja tu. Na maombi ya kutoka vituo vya data yanatupwa kando.

Kwa hiyo hujapoteza watu, umepoteza roboti. Jibu ndilo hilo, uzi ufungwe.

#4 DakikaTatu

Usifunge uzi wa watu Fundi. Umesahau kifo cha Google Podcasts. Walianza kuizima Marekani Aprili 2024, katikati ya mwaka ikafuata dunia nzima. Huku kwetu simu ni Android, na watu wengi ndiyo mlango pekee waliokuwa wanaujua. Wakaambiwa wahamie YouTube Music. Wangapi walihama? Shemeji yangu mpaka leo anaamini podikasti zenyewe zilifutwa.

Kwa wenye iPhone nako kuna lao. Zamani ukikiacha kipindi miezi miwili halafu ukarudi, programu ya Apple ilikuwa inashusha vyote ulivyovikosa, na mtoaji anahesabiwa upakuaji wa rundo zima. Tangu iOS 17, Septemba 2023, hilo limekoma. Vipindi vingi vikubwa vya Ulaya na Marekani vilishuka, na hakuna msikilizaji aliyeondoka.

#5 Msee wa Umoja

Salamu kutoka Nairobi. Jameni, mnarukia vya mbali. Huyu ndugu amesema mambo yaliharibika wiki ile alipohama. Swali la kwanza kabisa: ulipohama, uliacha uelekezo wa kudumu, ule wa 301, kwenye anwani ya RSS ya zamani, yaani lile faili la mtandaoni ambalo programu zinasoma kupata vipindi vyako?

Wasikilizaji wako hawajafuata kampuni, wamefuata anwani ya RSS. Usipoielekeza ile ya zamani kwenye mpya, programu zao zitaendelea kubisha mlango wa nyumba uliyohama. Mtu anafungua simu, haoni kipindi kipya, anafikiri umeacha. Nilimwona jamaa mmoja hapa akipoteza karibu kila mtu hivyo, na kampuni aliyotoka haikuwa na haraka ya kumsaidia.

#6 MtuWaMwalo

Asanteni wakuu, nimeanza kupata mwanga.

Msee, uelekezo niliweka, kule nilikotoka kulikuwa na sehemu ya kubandika anwani mpya. Spotify ilihama yenyewe, Apple nayo inaonyesha ya kampuni mpya. Programu ndogondogo ndizo sijakagua.

DakikaTatu, ya Google haiingii sana. Ilizimwa kabla sijahama, na takwimu hazikutikisika mwezi ule.

#7 Msee wa Umoja

Zikague basi. Na usifute akaunti ya zamani hata kama wanakusumbua na barua pepe, uelekezo ukikatika kuna programu zitabaki gizani. Halafu fungua RSS yako mpya kwenye kivinjari usome kama kuna mstari unaotaja anwani mpya ya RSS. Apple wanauangalia huo.

#8 Binti Kirumba

Mimi ni wa hapahapa Mwanza na nimecheka sana. Kaka, kipindi chako nakijua vizuri, hata kile cha mzee aliyezama na injini mkononi nimekisikiliza. Sijawahi kukipakua hata siku moja.

Kuna kijana ana kibanda cha kujaza nyimbo, kompyuta moja na spika mbili zinazopiga kelele kutwa. Anachukua kipindi chako kwenye Wi-Fi ya jirani, mara moja. Halafu anakiingiza kwenye memori kadi na flashi za wateja pamoja na singeli, mahubiri, taarabu na vichekesho. Jina la faili analiandika kwa herufi kubwa: MWALO MPYA WIKI HII. Wateja wake ni boda, wauza chipsi na zaidi wale wanaoingia ziwani. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, taa zinawashwa wanasubiriwa wajikusanye, na kusubiri kunachosha. Hivyo vijiredio vya flashi ndiyo vinapiga kipindi chako mpaka alfajiri. Mbalamwezi ikitoka watu wanapumzika, biashara ya kijana inalala kidogo.

Sasa dashibodi yako ya dola itawaonaje hao? Imeona upakuaji mmoja. Wa Wi-Fi ya jirani.

#9 Ngosha Mtata

Yaani mtu anasambaziwa mzigo bure mpaka katikati ya ziwa halafu anakuja kulia humu. Mkuu mtafute huyo dogo umpe asilimia.

#10 MtuWaMwalo

Binti Kirumba, kibanda kiko upande gani? Nia yangu njema.

#11 Binti Kirumba

Sikitaji. Wanaume mkisema nia njema, siku ya pili mtu yuko kituoni.

#12 Mpemba wa Muscat

Assalaam alaykum. Mimi nipo Muscat, na kipindi hicho tunacho kwenye kundi letu la WhatsApp. Anayekipakua ni mtu mmoja, mzee wetu mwenye subira, kisha hukitia kundini. Baadhi yetu hata ziwa hilo hatujaliona, lakini habari za bahari na maziwa tunazipenda.

Kuna jambo mtoaji alijue. Ukituma kama sauti ya kawaida WhatsApp inagoma ikizidi MB 16. Mzee wetu hukituma kama hati, na hati inakubali hadi GB 2. Lakini hati haichezi kwa raha kama sauti, mtu akitoka kidogo ikakatika basi ndiyo imekatika. Wengine huacha njiani. Angetutolea toleo dogo, la dakika ishirini hivi, lingeingia kama sauti na tungelisambaza zaidi.

#13 Kabwela wa Bando

Hapo hapo shikilia. OP (mwenye uzi), faili zako ni za uzito gani? Ulibadilisha kitu ulipohama?

#14 MtuWaMwalo

Kule kwa zamani nilikuwa napandisha mono ya 64. Huku kwa wapya maelekezo yao yalisema 128 stereo ndiyo ya kitaalamu, nikafuata.

#15 Kabwela wa Bando

Basi muuaji tumempata.

Piga hesabu. Kilobiti 64 kwa sekunde, saa moja ina sekunde 3,600, gawa kwa 8: MB 28.8. Ukienda 128 unapata MB 57.6. Umemwongezea msikilizaji mzigo mara mbili, na maneno ni yaleyale. Mtu kanunua bando la siku, humo kuna WhatsApp, kuna mpira, kuna mke anataka kuona video za mapishi. Ukimwekea MB 57 za bei ya dagaa anakuruka, hata kama anakupenda.

Na hizo stereo unazotoa ni za nini? Maiki yako ni moja. Kushoto na kulia panasikika kitu kilekile. Mono ya 64 ina ubora uleule wa stereo ya 128 kwa kila upande, wewe unawalipisha watu nakala mbili za koo lako.

#16 Fundi Mitambo

Kabwela, hoja ya uzito ni nzuri na arudi mono leo hii. Lakini haielezi anguko. Amesema ilishuka WIKI YA KWANZA. Hakuna msikilizaji anayekagua MB wiki ya kwanza. Watu wanakimbia polepole, bando linapowauma mara ya tatu au ya nne. Anguko la siku moja ni la kuhesabu, siyo la watu. Rejea #3.

#17 Chizi Redio

Nimekaa studio za redio tangu enzi za mkanda, mniruhusu nitoke nje ya mada kidogo.

Nimekwenda kukisikiliza hicho kipindi. Kijana ana kipaji cha kuhoji, anajua kunyamaza, na hilo halifundishiki. Lakini sauti yake iko chini mno. Kwenye vijiredio alivyosema Binti, ndani ya boti, mtu anafungua mpaka mwisho na bado hasikii, kisha wimbo unaofuata unamlipua masikio.

Audacity ni ya bure. Ukimaliza kukata na kusafisha, nenda kwenye "Loudness Normalization". Inakuja imewekwa -23 LUFS (vipimo vya ukubwa wa sauti), kiwango cha utangazaji wa redio na televisheni za Ulaya. Wewe weka -16. Kama faili ni mono, kile kisanduku cha kuitendea mono kama njia mbili kiache na alama yake, ukikitoa itabidi uandike -19 ili masikio yapate kitu kilekile. Kilele kisivuke -1. Apple wenyewe wanapendekeza -16 hiyo, kwa hiyo siyo ubishi wangu.

Na acha ile amri ya kufuta makelele, umeikandamiza mpaka mzee wa watu anaongea kama yuko ndani ya pipa. Upepo unazuiwa na sponji kwenye maiki, wala siyo kompyuta. Mkiwa mwaloni mpe mgongo upepo, mgeni akae upande wa kifua chako, maiki iingie chini kidogo ya kola. Chumbani kwako napo nasikia bati na sakafu tupu. Tandika godoro ukutani nyuma ya mgeni, tundika kanga mbili, utaona tofauti. Jogoo muache, jogoo ni wa kwenu.

#18 Mtoto wa Makumbusho

Wazee mnapigana na karne. Podikasti bila video ni nini sasa? Februari 2025 YouTube walitangaza kwamba kila mwezi watu zaidi ya bilioni moja wanafuata podikasti kwao. Bilioni! OP nunua taa mbili, kamera hata ya simu, uone kama utalialia na RSS.

#19 Chizi Redio

Mjukuu, hao wa boti usiku wataangalia video na mikono gani? Moja iko kwenye wavu, nyingine kwenye kamba. Na bando la kuangalia saa moja ya video, hata ya picha hafifu, Kabwela atazimia.

#20 Msee wa Umoja

Wote mko sawa nusu nusu. YouTube inaweza kuchukua RSS yako yenyewe na kuweka picha ya jalada badala ya video. Hakuna taa, hakuna kamera. Weka huko kama mlango wa pili, usiufanye nyumba.

Pesa sasa, maana najua Mtoto anaelekea huko. Kulipwa matangazo unahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Kile kiwango kidogo cha 500 na saa 3,000 kinakufungulia kuchangiwa na mashabiki tu, siyo matangazo. Watu huchanganya. Na zikianza kuingia, taifa linakusubiri: Kenya tunakatwa 5% ya mapato ya maudhui ya kidijitali tangu Sheria ya Fedha ya 2023. Nasikia nyinyi pia mmeletewa.

#21 Kabwela wa Bando

Ndiyo, na sisi 5%, ya mwaka 2024. Mambo mazuri hatuigi, hayo tunaiga chapchap.

#22 Ngosha Mtata

Kabla ya kodi, je OP ana leseni ya maudhui mtandaoni? Milioni mbili na ushee hiyo, usije ukatuletea balaa.

#23 DakikaTatu

Ngosha acha kutisha watu kwa bei za zamani. Unazungumzia kanuni za 2018: laki moja ya maombi, milioni ya leseni, milioni ya mwaka. Zilikuja nyingine 2020 na zikarekebishwa 2022. OP asome za sasa kule TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, mwenyewe aone kama kipindi chake kinahesabika kuwa cha habari, asisikilize majukwaa.

#24 Laini Tatu

Nimesoma uzi wote. Nafanya kazi kwenye mitandao ya simu, ya wapi haiwahusu. Fundi Mitambo kaeleza vizuri mwongozo wa IAB lakini kauruka upande wake mchungu kwa watu wa kwetu.

Anwani za IP za aina ya zamani ni chache, hazitoshi kila simu. Kinachofanyika ni wateja wengi kutoka nje kupitia anwani moja. Wewe una simu yako, jirani yako anayo, abiria kumi kwenye meli ya Ukerewe wanazo, lakini seva ya kule nje inaona anwani moja inabisha. Sasa kumbuka kanuni: anwani ileile na programu ileile ndani ya saa 24 ni mtu mmoja. Marekani watu wengi wako kwenye intaneti ya nyumbani, nyumba moja anwani moja, kanuni inafanya kazi vizuri. Huku inatupunja.

Kwa hiyo siyo tu kwamba alipoteza roboti. Takwimu za zamani zilijaza, za sasa zinapunguza. Ukweli uko katikati, na hakuna dashibodi itakayomwonyesha.

#25 Fundi Mitambo

Laini Tatu hoja nzito, lakini usiizidishe chumvi. Utambulisho unaotumwa na programu mara nyingi una aina ya simu na toleo la mfumo. Abiria wako kumi wana Tecno, Samsung, Infinix, Itel. Hao hawaunganishwi kuwa mmoja.

#26 Laini Tatu

Inategemea programu. Zingine zinatuma aina ya simu, zingine zinatuma jina lao na toleo tu, basi. OP afungue ukurasa wa programu kwenye dashibodi atuambie watu wake wanatumia ipi.

#27 MtuWaMwalo

Nimefungua. Spotify inaongoza kwa mbali, halafu kuna fungu kubwa limeandikwa "nyinginezo", halafu Apple kidogo.

Nimeona na kitu kingine. Ashburn imeondoka ila bado nina watu Iowa, jimbo jingine la Marekani. Wachache lakini hawakosi kila wiki. Fundi, na hao ni roboti?

#28 Fundi Mitambo

Iowa? Council Bluffs bila shaka. Google wana kituo kikubwa cha data pale. Kuna uchafu umepenya chujio. Futa kichwani.

#29 Mkongo wa Cedar

Wandugu, miye si roboti.

Niko Cedar Rapids, Iowa, upande wa mashariki. Council Bluffs iko magharibi kabisa, kwenye mpaka wa Nebraska, ni mwendo wa saa nne kwa gari. Huku Wakongomani tuko wengi, Cedar Rapids, Iowa City, Des Moines, na Warundi wako. Kiswahili ndicho tunachosalimiana nacho kanisani. Kazi yangu ni ya usiku, ghalani, na hicho kipindi nakisikiliza nikipanga maboksi. Nimewapatia wenzangu wa zamu pia. Mimi mtoto wa Kalemie, nikisikia injini ya boti nakumbuka nyumbani.

Fundi unifute kichwani kwako, lakini usinifute kwenye hesabu ya watu.

#30 Ngosha Mtata

Fundi mchana huu amekula chuma 😂😂

#31 Fundi Mitambo

Karibu sana ndugu Mkongo. Lakini OP hajatuambia ni mji gani wa Iowa.

#32 MtuWaMwalo

Dashibodi inaishia jimbo, mji hautoi. Ndugu Mkongo, umenifurahisha kuliko unavyodhani. Unatumia programu gani?

#33 Mkongo wa Cedar

Simu ya kazini haina kitu. Mtoto wangu ananipakulia kwenye kompyuta, ananitilia kwenye kifaa kidogo cha MP3.

Nina lawama moja: unasema dagaa, dagaa, ila hujawahi kuwagusa wa Tanganyika. Ndagala wa Kalemie au wa Kigoma ukimkaanga bila mafuta mengi, huyo wa kwenu unamwachia kuku.

#34 Binti Kirumba

Uzi wa takwimu umegeuka wa mboga. Wa kwenu ni wazuri, lakini bei yake ni ya harusi. Wa Victoria ndiye anayelisha watu. Kwanza si ndugu hata kidogo: wa Tanganyika ni jamaa za sardini wa baharini, wa huku ni jamaa wa ningu. Usimlinganishe.

#35 Kabwela wa Bando

Na anayekaangwa mkavu na pilipili na ugali wa muhogo ni yupi kati yao? Nauliza kwa faida ya wengi.

#36 Chizi Redio

Turudi. Mzee nina njia ya kienyeji, tuliitumia redioni kabla ya hizi dashibodi zenu. Chukua laini mpya isiyojulikana na mtu. Katikati ya kipindi, siyo mwanzoni, sema: "Kama umenisikia mpaka hapa, nibipu namba hii." Kubipu hakuli salio. Toleo la RSS lipe namba moja, toleo dogo la WhatsApp alilosema Mpemba lipe ya pili, na ukiweza kumpata kijana wa kibanda mpe faili lenye namba ya tatu. Baada ya giza moja zima la dagaa, hesabu.

#37 Laini Tatu

Wakiwa katikati ya ziwa mtandao haushiki, mzee. Watakaobipu ni wa nchi kavu tu, na wavuvi ndio tunaowatafuta.

#38 Fundi Mitambo

Na atakayebipu ni mwenye moyo wa kubipu. Kipindi changu cha mambo ya kompyuta niliomba watu wabonyeze kitu kimoja tu, na walionibonyezea ni walewale wanaobonyeza kila kitu. Kitakachopimwa hapo ni ukarimu, siyo idadi.

#39 Chizi Redio

Fundi, hata dashibodi yako inapima nani ana bando. Kila kipimo kina mlango wake. Kipi kinakuzuia kuangalia milango mitatu?

#40 MtuWaMwalo

Nimerudi mono 64 kuanzia kipindi hiki, sauti nimeipandisha -16, na kuna kipande cha dakika kumi na nane cha WhatsApp, Mpemba usambaze. Laini mbili nimeshasajili. Ya tatu inamsubiri kijana. Binti, mpelekee wewe basi, mimi sihitaji hata kumwona.

#41 Binti Kirumba

Nimempelekea. Amekubali kuliweka faili lako, ila pale kwenye namba ya kubipu amesema atapakata, maana ndipo anapowekaga tangazo la kibanda chake.

#42 Ngosha Mtata

Dogo ana idara ya masoko kabisa. Mkuu, mlipie tangazo.

#43 Mgeni Njiani

Habari zenu. Hiyo maiki ya kubana kwenye shati inafaa kwenye simu yenye tundu la Type-C au mpaka ninunue kiunganishi? Nataka kuanza ya mambo ya bodaboda Morogoro.

#44 Chizi Redio

Angalia pini yake ndugu. Ikiwa ya duara ya milimita 3.5 utahitaji kiunganishi, na usichukue kile cha bei ya kutupwa, vingine vinapitisha sauti ya kusikiliza tu, maiki haiingii. Kijaribu palepale dukani kabla hujatoa hela: rekodi, sikiliza, ndiyo ulipe.